Kipande Changu Kilichotangulia Nyumbani

Kama umeambiwa leo kwamba majibu yako bado, na umeketi mahali na bahasha mapajani usijue uende wapi, haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kupika, na sikurudi darasani tena. Sitakufundisha saratani ni nini. Nitakuambia tu jinsi nilivyokaa mahali pamoja nikingojea jibu moja, na jinsi jibu hilo lilivyokaribia kupotea ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Naitwa Nyokabi. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa mpishi katika kempu za wajenga barabara. Kampuni ikipata kazi ya lami, sisi wa jikoni tunatangulia na masufuria na mapipa ya maji. Barabara ikifika inapofika, tunakunja kila kitu tunaenda kwingine. Nimeishi Kitui, Garissa, Lodwar, Maralal, na mahali pengi tulipopataja kwa kilomita tu. Nilikuwa napenda asubuhi za kule, kabla mitambo haijawashwa, unatoka na sufuria ya uji unaona nchi yote imelala mbele yako na hakuna ukuta hata mmoja. Sikuwahi kutaka nyumba. Nilitaka hema lenye kamba nzuri.

Uvimbe niliupata Marsabit, nikioga. Ulikuwa kama punje ya mahindi ya githeri ambayo haijaiva, mgumu, chini ya titi la kushoto. Niliendelea kuoga. Nilipika siku hiyo na siku zilizofuata, nikawa naugusa kila nikipata nafasi, kama mtu anayehakikisha ufunguo bado uko mfukoni. Msimamizi wetu aliponipa ruhusa ya wiki mbili, niliacha godoro langu na visu vyangu pale pale. Nilijua narudi.

Nilifikia kwa ndugu yangu Wairimu, Kayole. Yeye ndiye mdogo, na ndiye aliyetulia. Anauza nguo za watoto karibu na steji ya Spine Road, mume wake Muiruri ni fundi wa kuchomelea mageti, na wana wasichana wawili wa shule. Wanaishi ghorofa ya nne, chumba cha kulala kimoja na sebule. Walinipa chumba. Wairimu alilala nami, wasichana wakalala sakafuni kando yetu, na shemeji Muiruri akahamia kwenye viti vya sebuleni, miguu ikining'inia. Hakulalamika hata siku moja, na hiyo ilinitesa kuliko kama angelalamika.

Dirisha la chumba kile linatazama ukuta wa jengo la ploti ya jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Mchana unalijua jua kwa kuwa ukuta umegeuka kutoka kijivu hadi kijivu kingine. Nilimsikia jirani akikoroga chai yake kana kwamba anakoroga sikioni mwangu. Wiki mbili zikaisha nikiwa bado nasubiri majibu ya kinyama walichokata hospitalini kwa sindano. Halafu majibu yakaja, na neno lenyewe likatamkwa, na wiki mbili zikafutika kabisa.

Mvua fupi zilikuwa zimeanza waliponikata titi. Nakumbuka nilipozinduka wodini nilisikia mvua juu ya paa la mabati la korido, nikafikiri niko kempuni na kuni zitalowa. Nilitaka kuinuka nikazifunike. Mkono wa kushoto haukuitika. Muuguzi akaniambia, polepole sista, hakuna kazi inayokungoja. Alikuwa anataka kunifariji.

Pale palipokuwa na titi sasa palikuwa na mstari, na bomba la kutoa maji machafu likining'inia kwenye chupa. Nilitembea na chupa hiyo nyumbani kwa Wairimu nikiwa nimeifunga kiunoni kwa leso. Wasichana waliiangalia siku ya kwanza, siku ya pili wakaizoea, siku ya tatu mdogo akaniuliza kama inauma ikijaa. Nilimshukuru kwa kuuliza. Watu wazima walikuwa wanaongea nami wakitazama paji la uso.

Kliniki ya saratani ina mabenchi marefu, na unasonga makalio kwa makalio kuelekea mlangoni. Hapo ndipo nilipokutana na Bi Zuhura, mama wa Majengo anayeuza viazi karai, aliyefanyiwa upasuaji wiki moja nami. Aliniuliza wamekata lipi. Nikamwambia la kushoto. Akasema, "Mimi la kulia. Basi tukikaa hivi tumekuwa mtu mmoja kamili." Mwanamume aliyeketi mbele yetu aligeuka kutazama, akajuta. Tangu siku hiyo Bi Zuhura alinishikia nafasi na mimi nikamshikia, na yeyote aliyejaribu kujipenyeza katikati aliambiwa hapo pana mtu.

Siku ya majibu ya uvimbe wenyewe, daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alinieleza jambo ambalo nitajaribu kukueleza kama nilivyolielewa. Uvimbe wangu hauli homoni, kwa hiyo vile vidonge vya kumeza miaka mingi havinihusu. Kuna kitu kingine wanachotazama, jeni moja inaitwa HER2. Kila mtu anayo, mzima na mgonjwa. Lakini kuna uvimbe unaoizidisha, unajiongezea nakala juu ya nakala. Ukiizidisha, ugonjwa huenda mbio. Ila pia kuna sindano iliyotengenezwa kwa ajili yake, na pale penye nakala nyingi ndipo sindano inapopata pa kushika. Wasipoipata hiyo jeni imezidi, sindano ni maji tu.

Kipimo chao cha hospitali hutoa alama. Alisema, "Ingekuwa tatu, ningekuandikia sindano leo. Ingekuwa sifuri au moja, ningekuambia tuisahau. Yako ni mbili, Mama. Mbili haisemi kitu."

Nikamuuliza sasa tunafanyaje. Akasema kuna maabara mjini inayoweza kuzihesabu hizo jeni moja kwa moja, kwa taa maalum. Kemo tungeanza kwanza, duru nne za ile dawa nyekundu ya mshipani, kwa sababu hiyo ni ya wote. Lakini mwisho wa Januari ningebadilishiwa dawa, na hapo sindano ingeanza pamoja nayo kama ninaihitaji. Bima haipitishi sindano bila ripoti ya jeni. Alitaka jibu kabla ya hapo.

Sasa hapa sikiliza, kwa maana mimi sikujua. Wanapokata uvimbe hawautupi. Wanachukua vipande vyake wanavizamisha ndani ya nta, na kila kimoja kinakuwa kibonge kidogo kwenye kikasha cha plastiki chenye namba ya penseli. Wenyewe wanakiita bloku. Na ukitaka kipimo cha mahali pengine, ni wewe unayekwenda kukichukua kibonge hicho na kukipeleka. Wanachagua kile chenye uvimbe wa kutosha, unatia sahihi, unapewa ndani ya bahasha kama mtu anayepewa chenji.

Nilikichukua Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi. Nilipofika maabara ya mjini walikuwa wamefunga mpaka mwaka mpya. Nikakileta Kayole. Sikujua nikiweke wapi. Nyumba ile kila kitu kinaguswa na kila mtu, na mezani kuna joto la jiko, na nta ni nta. Nikakitia ndani ya kopo tupu la glukosi, nikalifunga, nikaliweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Nilimwambia Wairimu tu.

Krismasi watu wa Kayole huondoka. Ngazi zinanyamaza, hata yule wa kukoroga chai alikuwa amekwenda kwao. Kila mwaka Wairimu na watu wake huenda Murang'a kwa Mama. Mwaka huo mimi sikuruhusiwa kukaa kwenye gari lenye watu, damu yangu ilikuwa imeshuka, kwa hiyo Mama akaja kwetu. Alipanda ghorofa nne akiwa na gunia la viazi vitamu, akasimama mlangoni, akatazama kichwa changu. Nywele zilikuwa zimekwisha toka, na nyusi zilikuwa njiani. Alisema nimefanana na siku aliyonizaa. Kisha akaenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu.

Mimi ni mpishi, na nitakuambia kilichoniuma zaidi ya kipara. Sikuweza kuvumilia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Kitu ambacho nimekifanya kila siku ya maisha yangu kilinipeleka chooni. Mdomo ulionja kama nimelamba kijiko cha bati. Kucha zikawa na rangi ya moshi. Siku ya Krismasi Wairimu alitoa jiko nje kwenye korido ili akaange huko, akafunga mlango, akaziba chini kwa tambara. Nilimsikia akicheka na wanawe nje, na mimi nikiwa ndani na ukuta wangu. Ni huruma ndogo kama hizo zilizonipitisha. Lakini nisikudanganye, siku hiyo nilimchukia kila mtu aliyeweza kula.

Wakati huo ndipo Mama alipokwenda kutafuta sukari kabatini. Haya niliyajua baadaye. Alifungua kopo la glukosi akaona kikasha. Alimuuliza Wairimu, na Wairimu, mikono ikiwa na unga wa chapati, akamwambia bila kupima neno kwamba hiyo ni nyama ya Nyokabi, ya hospitali. Mama akalifunga kopo. Hakula chapati. Tulidhani ni ule moyo wake unaomsumbua akila mafuta.

Baada ya siku mbili alisema anarudi, ng'ombe ameachiwa watu. Nilikuwa nimetoka kwenye kemo ya tatu, nimelala nikitazama dirisha. Aliniwekea mkono shingoni, pale palipo na joto. Hakusema kwaheri.

Mwaka mpya ukaingia. Maabara ikafungua. Wairimu akavaa vizuri, akachukua bahasha yangu ya makaratasi, akafungua kabati. Kopo lilikuwa jepesi.

Sijui kama umewahi kutafuta kitu kidogo ndani ya nyumba ndogo. Unafikiri itakuwa rahisi. Tulitoa kila kikombe. Tulimwaga mapipa ya nguo. Wasichana waliulizwa, wakaulizwa tena kwa sauti nyingine, mdogo akalia. Muiruri alishuka kupekua takataka za ploti, na zilikuwa zimekwisha bebwa. Nami niliyekuwa siwezi hata kuinua sufuria nilipiga magoti nikatazama chini ya jiko kwa tochi ya simu. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu: kwamba jibu langu limekwenda na maganda ya viazi, na mwisho wa mwezi nitaingia kwa daktari na ile mbili isiyosema kitu, na hakuna mtu atakayejua kama nilihitaji sindano au la, mpaka ugonjwa wenyewe useme.

Nikamwambia Wairimu kwamba nyumba yake haina utaratibu. Hapo ndipo aliponijibu, akiwa amesimama katikati ya vikombe vyote.

"Miaka yote umezunguka, mimi ndiye nimebaki na Mama, na maradhi ya Mama, na mashamba ya Mama. Umerudi kwa sababu huna nguvu za kwenda. Usinipangie kabati."

Muiruri akaanza kurudisha vikombe kimoja kimoja, akivipanguza kwa shati lake.

Ni yeye Muiruri, si sisi, aliyeuliza kama kuna mtu amemuuliza mama mkwe.

Nilipanda juu kwenye paa la ploti, ambako watu huanika nguo. Nilipumzika kwenye ngazi nikashika ukuta. Kule juu ndiko mahali pekee nilipoweza kuona mbali: mabati mpaka Njiru, na malori ya mchanga yakikata upande wa Kangundo Road. Nilikuwa naenda huko kuyatazama na kujiumiza. Nikasimama katikati ya mashuka ya watu, nikampigia. Nilimwambia kile kipande cha hospitali kimepotea, je, alikiona?

"Hakijapotea," Mama akasema. "Nimekupeleka nyumbani."

Sikuelewa, akanieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Mtu hawekwi kabatini pamoja na vikombe, watu wakinywa chai. Kitovu changu kilipokatika alikizika nyuma ya nyumba, kwenye mgomba, na hicho kipande nacho amekizika hapo hapo, amekifunga kwa kitambaa chake cha kichwani. Ametia udongo na amemwagia maji. Sasa mimi nitulie nipone.

Nikamwomba akitoe. Akakataa. Alisema kilichozikwa hakifukuliwi, na kwamba madaktari wamekwisha kata walichotaka, hata hicho kidogo wanakitakia nini? Nilianza kumweleza habari za jeni. Nilitaja tatu na mbili na sifuri. Nilijisikia nikiongea kama redio. Nikamsikia anaanza kulia, na Mama yangu si mtu wa kulia.

Alisema, "Nyokabi, nimekuita urudi tangu uende Garissa. Ulikuwa unaleta sukari na kilo za mchele, unalala usiku mmoja unakwenda. Hiki ndicho pekee chako kilichokubali kukaa."

Nilishika kamba ya nguo. Shuka la mtu lilinipiga usoni, lilikuwa limelowa na lilinukia sabuni, na nilisimama tu mle ndani kwa kuwa palikuwa na baridi nzuri. Hatimaye nikamwambia ukweli ulio mfupi kuliko wote. Kwamba mimi siwezi kuwajibia madaktari wanachouliza. Ni hicho kipande tu kinachoweza. Wakikiuliza, kitawaambia kama kuna dawa ya kunishika nisiondoke kabisa. Wasipokiuliza, watabahatisha.

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Nikikitoa, utakaa mpaka waseme basi?"

"Nitakaa, Mama."

"Si kukaa kwa mdomo."

"Nitakaa."

Alikuja siku ya tatu. Hakumpa mtu mwingine akilete. Kipande kilikuwa ndani ya kile kitambaa cha kijani, ndani ya mfuko wa unga, ndani ya kikapu, chini ya ndizi. Alinifungulia mwenyewe. Udongo mwekundu wa kwetu ulikuwa umeingia pembeni mwa kikasha, lakini namba ya penseli ilisomeka. Alitaka kukiosha, tukamzuia sote kwa pamoja, hata wale wasichana.

Na akakataa kubaki nyumbani. Alisema alikichukua yeye na atakipeleka yeye. Basi tukaenda mjini wote watatu kwa teksi aliyoikodi Muiruri, mimi nikiwa na barakoa, Wairimu akiwa kati yetu kwa kuwa tulikuwa bado hatujasemezana vizuri. Kijana wa mapokezi pale maabara alipokea kikasha, akakigeuza, akapuliza.

"Mathe, hii ilikuwa wapi? Iko na mchanga."

"Shambani," nikamwambia.

"Shamba?"

"Nilikipanda," Mama akasema, bila kutabasamu. "Hakikuota."

Kijana yule alitutazama mmoja mmoja. Wairimu alianza kucheka kwanza. Alijaribu kuuzuia mdomo kwa mkono, ukashindwa. Kisha mimi. Mshono ulivuta mpaka nikashika ubavu. Tulicheka mbele ya dirisha lile na watu wenye bahasha zao wakitungoja, na Mama katikati yetu akiwa ameshika kikapu, amekasirika kidogo. Mtu wa koti jeupe alikuja kutoka ndani, akakitazama kipande kwenye mwanga. Akatuambia nta imekilinda, watakwangua juu wachukue cha ndani, lakini hawezi kuahidi. Mama akamuuliza kama kitarudishwa. Kijana akajibu, "Kitarudi, shosho, ukikitaka."

Kukaa ndiko kulikobaki. Sijui kueleza kukaa kule. Kemo ya nne ilinilaza kuliko zote. Wasichana walirudi shule, Wairimu akarudi kibandani, Muiruri kwenye mageti, na mchana nilibaki peke yangu na ukuta. Wenzangu wa kempu walikuwa wananitumia picha. Barabara ilikuwa imepita ile milima niliyoiacha mbele. Kulikuwa na mpishi mwingine, nilimwona nyuma ya picha moja, ameshika kisu changu. Nilizima simu. Kuna siku nilivaa viatu nikashuka mpaka lango la ploti, nikasimama, nikarudi juu. Ilinichukua asubuhi nzima, na sikuwa nimetaka kwenda mahali popote. Nilitaka kujua tu kama lango linafunguka.

Hofu nayo ilikuwa na sura ya ajabu. Sikujua niombe nini. Nikiomba jeni isizidi, ninaomba ugonjwa wa polepole lakini usio na sindano. Nikiomba izidi, ninaomba ugonjwa wa mbio. Wairimu aliniuliza tukiwa tumelala aombe lipi, nikamwambia aombe tu wakisome. Ndiyo siku tuliyorudiana.

Januari ilikuwa inaisha, vumbi la Kayole limepanda mpaka ghorofa ya nne, daktari aliponiita ndani. Ripoti ilikuwa mbele yake. Alisema kipande kimesomeka. Walihesabu. Jeni imezidi, tena sana.

Nilimwuliza kama hiyo ni vizuri. Alifikiri, na nilimheshimu kwa kufikiri. Alisema ni habari mbaya ambayo ina dawa. Sindano ingeanza wiki hiyo hiyo, kila baada ya wiki tatu, kwa mwaka mzima, na kila baada ya miezi kadhaa wangeutazama moyo wangu kwa mashine kwa sababu dawa ile huweza kuuchosha. Hakuna kuruka hata moja.

Mwaka mzima. Nilitoka nikakaa benchini. Bi Zuhura alikuwa pale, naye alikuwa amekwisha pata yake: hana homoni, hana jeni, hana chochote cha kushikwa isipokuwa kemo. Nilimwambia yangu. Hakusema pole wala hongera.

"Wewe umefungwa kwa kamba," akasema, "mimi nimeachwa nielee. Sijui nani amwonee mwenzake wivu." Kisha akanipa nusu ya kiazi alichokuwa amekifunga kwenye gazeti. Kilikuwa kimekaangwa na nilikila chote. Ni yeye aliyenionyesha kwamba nimekila.

Nilimpigia Mama. Swali lake lilikuwa moja, kama jibu limesema kukaa au kwenda. Nikamwambia limesema kukaa. Akasema basi lina akili.

Sindano zile nilizipata mvua ndefu zikinyesha, nikazipata katika baridi ya Julai wakati mishipa inajificha na muuguzi anakuchovya mkono kwenye maji moto, nikazipata nywele zikirudi, zikiwa za mviringo na nyingine nyeupe. Mionzi nayo ilipita katikati, ngozi ikawa nyeusi kama sufuria. Mara moja waliisimamisha sindano kwa sababu ya moyo, nikaogopa, ukatulia, tukaendelea. Shemeji Muiruri alirudi kitandani kwake nilipopata chumba changu kwenye ploti ile ile, ghorofa ya chini, chenye dirisha linalotazama korido. Nilianza kupika chapati za kuuza asubuhi. Vitunguu bado nakaanga nikiwa nimegeuza uso. Wapo wanaosema ugonjwa uliwafunza kutulia. Mimi haukunifunza. Kila wiki tatu nilikwenda kunyoosha mkono kama mtu anayeripoti kituo cha polisi, na kila nilipotoka nilitazama malori. Nilikaa kwa sababu nilisema nitakaa, na kwa sababu kipande changu kilikuwa kimewaambia la kufanya. Unaweza kukaa bila kupenda. Dawa haikuulizi kama umependa.

Bi Zuhura anaendelea kuja kupimwa. Mpaka ninapoandika haya hawajaona kitu, na viazi vyake vimepanda bei.

Sindano ya mwisho nilipigwa mvua ndefu za mwaka uliofuata zilipokuwa zinaanza. Muuguzi alitoa kanula, akabandika pamba, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu kutazamwa. Miezi mitatu. Kwa hesabu ya kempu hiyo ni barabara ndefu, na msimamizi wetu alikuwa ameniambia kuna kazi upande wa Kitui, nikiweza. Nilikuwa nimemwambia nitaweza. Mkoba ulikuwa umefungwa nyumbani.

Nilipita kwenye mabenchi nikielekea nje. Mwishoni kabisa alikuwa ameketi mwanamke mwenye umri kama wangu, peke yake, nywele zake bado zimesukwa vizuri, bahasha mapajani. Alikuwa anatazama sakafu. Nikamuuliza anamngoja nani. Akasema hamngoji mtu, daktari amekwisha mwona, amemwambia alama yake ni mbili, na yeye hajui mbili ni nini. Wamempa kitu apeleke mjini. Anafikiri akipeleke kesho kutwa, maana leo amechoka na nyumbani hajasema.

Nikamuuliza kiko wapi. Akapiga mkoba wake kwa kiganja.

Nje mvua ilikuwa imeanza, na gari la Kitui lilikuwa la mchana. Nikakaa kando yake nifunge kamba za viatu.

"Inuka, dadangu," nikamwambia. "Tunakipeleka sasa hivi. Hicho hakilali kwako hata usiku mmoja."